Jiwe la Mpanda Lililopungua

Noeli Chidawali aliendesha magari ya Serikali maisha yake yote ya kazi, na kwa sehemu kubwa ya maisha hayo abiria wake walikuwa wataalamu wa miamba. Aliwapeleka Mpwapwa, Kondoa, Bahi na Manyoni, na safari moja ndefu akawafikisha Mpanda, kwenye machimbo ya zamani ya madini ya risasi. Wao wakishuka na nyundo zao, yeye alibaki kwenye kivuli cha Landrova akalala. Lakini mtu hawezi kulala miaka yote, hivyo baadaye akaanza kuokota.

Alianza na ulanga kwa sababu unang'aa. Akafuata mawe ya kioo, akafuata akiki, na wataalamu walipoona dereva wao ana jicho zuri, wakawa wanampa vipande vilivyowazidi na kumtajia majina. Walipomwambia kwamba hili lina risasi na lile lina zebaki au aseniki, aliyashika majina hayo kama mtu anavyoshika ukoo wa jirani, wa kumtambulia tu, si wa kumwogopea. Walimwambia pia awe ananawa mikono. Hilo alilichukulia kuwa ni desturi ya wasomi, ambao hunawa kwa sababu yoyote ile.

Alistaafu akiwa na kiinua mgongo, mgongo unaouma, na mawe ya kujaza kabati. Kabati lenyewe lilikuwa sebuleni kwake Nkuhungu, kando ya meza ya chakula, na kabla ya hapo lilihifadhi sahani za harusi za mkewe, Ruthu. Ruthu alikuwa mtu wa Mvumi kama yeye, mwalimu wa shule ya msingi aliyefundisha hadi sauti yake ikakataa kushuka hata akiwa nyumbani. Sahani zilihamia kwenye boksi chini ya kitanda. Kuhusu hilo Ruthu alisema aliyoyasema, kisha akaacha.

Kila Jumamosi Noeli aliyashusha mawe yote mezani na kuyafuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Lililoonekana kufifia alililamba, maana jiwe likilowa huonyesha rangi yake. Pembeni aliweka bakuli la karanga za kukaanga, akawa anafuta, analamba, anatafuna. Yaliyohitaji kukatwa aliyakatia barazani kwa mashine, makavu hivyo hivyo, na vumbi lake likatua kwenye kamba ya nguo.

Wageni walionyeshwa. Palikuwa na jiwe la rangi ya fedha ambalo Noeli aliligonga kwa nyundo ili litoe harufu ya kitunguu saumu; mchungaji aliwahi kuomba lirudiwe. Palikuwa na jiwe la nyuzi, lenye nywele nyeupe laini kama za paka, na hilo alilichomoa nyuzi kwa kucha akazipuliza hewani ili watu waone zilivyo nyepesi. Wageni walipiga chafya, wakasifu uumbaji.

Katika miaka hiyo Noeli alikuwa mkali kuliko zamani. Tumbo lilimsokota, choo kilikuwa kigumu, na alikuwa akienda dukani akarudi bila alichotumwa. Yeye alisema ni kustaafu. Ruthu alisema ndivyo alivyokuwa tangu mwanzo, ila safari za kikazi zilikuwa zinamficha.

Hali ilikuwa hiyo pale mtoto wao Erick, aliyekuwa na kazi ofisi za Serikali za Mtumba, alipotumwa masomoni Arusha kwa miezi kadhaa, akaona si vizuri kumwacha mkewe peke yake na mimba ya kwanza. Akamleta Nkuhungu.

Mke huyo, Frida, alikuwa mpole na mwenye adabu. Kila asubuhi alimwamkia Noeli shikamoo huku macho yakiwa chini, akamwekea maji ya kuoga, akapotea jikoni. Noeli naye aliitikia marahaba akiangalia dirishani. Mambo mengine yote kati yao yalipitia kwa Ruthu, kama inavyofaa kati ya mtu na mke wa mwanawe.

Kasoro ya Frida ilikuwa moja. Alikuwa anatamani pemba, ule udongo wa vipande unaouzwa sokoni kwa wajawazito. Kliniki nesi alimwambia damu yake ni ndogo na udongo utaipunguza zaidi. Ruthu alilichukua agizo hilo kama mwalimu wa zamu anavyochukua fimbo. Alipekua mkoba wa Frida, akapekua mto wake, akamtembelea mama muuza pemba wa pale mtaani na kumwomba, kwa sauti ile, asimuuzie.

Muda si mrefu Noeli akagundua kwamba jiwe la Mpanda linapungua.

Ndilo alilolipenda kuliko yote. Lilikuwa la kijivu kinachong'aa kama bati jipya, zito kuliko ukubwa wake, na upande mmoja lilikuwa na ganda jeupe, laini kama chaki. Ganda hilo sasa lilikuwa na michirizi. Jumamosi iliyofuata michirizi ilikuwa imeongezeka. Noeli alivaa miwani, akachunguza, akatangaza kwamba ni panya.

Ruthu aliuliza panya wa Nkuhungu, wenye mahindi kila nyumba, wanatafuta nini kwenye jiwe. Noeli alimjibu kwamba meno ya panya hayaachi kukua na lazima ayanoe mahali. Alinunua gundi ya panya, akaipaka kwenye kipande cha kadibodi, akakiweka kabatini mbele ya jiwe.

Asubuhi yake walikunywa uji kama kawaida. Frida alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akamaliza, lakini kikombe hakikushuka mezani. Ruthu alimuuliza kama aongezwe. Alisema ndiyo. Akamaliza na huo, kikombe kikabaki juu, akaongezwa tena. Noeli alikuwa ameshaenda kuangalia mtego. Kadibodi ilikuwa imesogea, panya hayupo, na kwenye gundi ulinasa uzi mrefu wa njano. Aliutazama uzi. Akatazama kitenge cha njano alichovaa Frida pale mezani.

Kumwuliza mwenyewe kusingewezekana. Akageukia upande wa pili.

"Mama Erick," alisema, "hebu muulize mwenzako kama siku hizi panya wanavaa kitenge."

Ruthu alimpeleka Frida jikoni na kumbandua kikombe kwa mafuta ya kula. Frida alilia. Alieleza kwamba alikuwa anakwangua ganda kwa ukucha, kidogo tu, na kuliweka ulimini, si kila siku. Ruthu alisikiliza yote, akarudi sebuleni ametulia kabisa. Aliona afadhali jiwe kuliko pemba, kwa kuwa pemba inauzwa chini kwenye kiroba, na jiwe linafutwa vumbi kila Jumamosi.

"Wala si udongo," Noeli alisema naye, ili kuwatuliza. "Ni risasi tu."

Neno hilo alikuwa amelitamka mbele ya wageni mara nyingi. Siku hiyo ndiyo alilisikia. Akaenda kutafuta bajaji ya kuwapeleka hospitali.

Daktari waliyemkuta hospitali aliitwa Cecilia, mwanamke wa makamo aliyesikiliza habari yote, ikiwa ni pamoja na gundi, bila kutabasamu. Alisema risasi ikiingia mwilini mwa mama hupita hadi kwa mtoto, na mtoto huumia kuliko mama, tena kichwani. Angemtoa Frida damu ipelekwe kupimwa Dar es Salaam. Aliongeza kwamba hata pemba ya sokoni si salama, maana nayo imekutwa na risasi, na Ruthu akaitikia kwa kichwa kama aliyekuwa akilijua hilo siku zote. Kisha daktari aliuliza nani mwingine nyumbani anayashika hayo mawe.

"Huyu hapa huyalamba," Ruthu alisema.

"Hulamba lipi?"

"Yote."

Noeli alieleza kwamba ndivyo wataalamu wanavyofanya porini kutambua jiwe, tena aliwaona kwa macho yake. Daktari alimwambia akunje mkono wa shati. Alitolewa damu huku akisisitiza kwamba yeye anamsindikiza mgonjwa tu, na Ruthu naye akatolewa.

Nje waliketi kwenye benchi kumsubiri Ruthu aliyekwenda dirisha la dawa. Baba mkwe na mke wa mwana hawakuwa wamewahi kuachwa wawili hivyo. Noeli alisoma bango la chanjo hadi mwisho, akaanza tena juu.

"Baba," Frida alisema, bila kuinua macho, "kama huyu mtoto atakuwa na shida, nitamwambia nini Erick?"

Noeli aliliacha bango. "Utamwambia jiwe lilikuwa la baba yake," alisema. "Nililiweka pale penye chakula."

Ruthu alipotokea na vidonge vya kuongeza damu, wote wawili walisimama upesi.

Siku walizosubiri majibu Noeli hakugusa kabati. Jioni moja alivuta kiroba, akasema anayamwaga mawe yote korongoni nyuma ya nyumba na habari iishe. Ruthu alisimama mlangoni. Alimkumbusha kwamba mvua ikinyesha korongo lile linateremka hadi kwenye bustani za mchicha, na mchicha huo ndio wanaokula. Noeli alirudisha kiroba, amekasirika.

Majibu yakaja. Ruthu alikuwa na risasi kidogo. Frida alikuwa nayo zaidi ya inavyotakiwa, lakini si ya kutisha. Daktari alimwambia asiguse tena, anywe maziwa, ale dagaa, ameze vidonge vyake, na atapimwa tena. Frida alifunga macho akayafungua. Kisha daktari akamwomba Noeli aketi, na Noeli akasema anaweza kusikia akiwa wima.

Risasi yake ilizidi ya Frida mara kadhaa.

"Lakini aliyekula ni mwingine," alisema.

Daktari alimweleza kwamba naye amekula, tena kwa miaka: kwa ulimi, kwa karanga zilizoshikwa na vidole vyenye vumbi, na kwa pumzi kila alipokata jiwe kavu barazani. Alimuuliza kuhusu tumbo. Ruthu alijibu. Akauliza kuhusu choo, na kusahau, na hasira, na Ruthu akajibu yote hayo kikamilifu, kwa mifano. Daktari alisema risasi huleta hali hiyo hasa. Ruthu aliposikia kwamba hasira ya mume wake inaweza kuwa ni madini, uso wake ulilainika, na njiani alimshika mkono kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

Daktari Cecilia ndiye aliyewapa namba ya Anyitike, mhadhiri wa mambo ya madini kule chuoni Chimwaga. Noeli alitegemea mzee mwenye ndevu. Akaja kijana mrefu, mnyenyekevu, aliyesema shikamoo kwa kila mtu, akavaa glovu na barakoa, akatandika turubai barazani na kuomba mawe yatolewe moja moja. Frida alipelekwa kwa jirani.

Anyitike aliyasifia kwanza, na kwa dhati. Alisema mengine hata chuoni hawana. Hilo lilimfungua Noeli. Walikaa asubuhi nzima, mmoja akitaja jiwe lilikotoka na mwingine akitaja lililomo. Mengi yalikuwa hayana neno: ya kioo, akiki, ulanga. Hayo yangebaki na kushikwa na yeyote, mradi yasikatwe bila maji. Rundo la pili lilikuwa la kushikwa kwa akili, na humo iliingia risasi ya Mpanda, jiwe jekundu la zebaki, mawe ya kijani ya shaba, na lile la kitunguu saumu.

"Hili huwa linanukia," Noeli alisema, akitafuta nyundo.

"Harufu hiyo ni aseniki, mzee," Anyitike alisema. "Ukiinusa, ujue imeshaingia."

Noeli aliiweka nyundo chini na kumfikiria mchungaji.

Jiwe la nyuzi Anyitike alililowesha kwa maji kabla ya kuligusa. Akaliweka kwenye mtungi wa kioo, akaupaka mfuniko gundi pande zote, akasema hadi mwisho wa dunia usifunguliwe, kwa sababu nyuzi hizo zikiingia mapafuni hazitoki, na huua mtu ameshasahau alikozipata. Mwisho alitoa kifaa kidogo mfano wa redio, akakipitisha juu ya turubai, kikawa kimya. Akauliza kama kuna lingine ndani. Noeli alisema hakuna, labda lile la manjano linalozuia mlango wa chumba cha kulala. Kifaa kilianza kulia kwa kudonoa kabla hakijafika mlangoni. Anyitike alitazama mlango, akatazama kitanda, akapima umbali kwa macho. Alisema ni urani, mionzi yake si mikubwa, lakini haoni sababu ya mtu kulala nayo. Ilitiwa kwenye ndoo ya bati, ikawekwa nje mbali na nyumba, na wiki hiyo hiyo watu wa Serikali wanaoshughulikia mionzi walikuja na gari wakaichukua. Mlango sasa unazuiwa na kandambili.

Iliyobaki ilikuwa kazi. Banda la kuku lisilokuwa na kuku lilisakafiwa, likatiwa dirisha, rafu na kufuli. Mlangoni ilikaa ndoo ya maji yenye bomba, sabuni, na koti ambalo haliruhusiwi kuvuka kizingiti cha nyumba na hufuliwa peke yake. Ufagio ulipigwa marufuku. Vumbi lilifutwa kwa kitambaa kibichi. Jiwe lililofifia lililoweshwa kwa brashi na maji, si kila jiwe, maana mengine maji huyayeyusha na ukajikuta unaoga sumu. Mawe ya rundo la pili kila moja lilipata kopo lake lenye mfuniko na jina. Udongo wa barazani chini ya mashine ulikwanguliwa ukiwa umelowa, Anyitike akaondoka nao. Karanga zilihamia kwa Ruthu. Sahani za harusi zilirudi kabatini baada ya kabati kuoshwa mara tatu, na Ruthu alizipanga mwenyewe, taratibu, mlango ukiwa wazi ili Noeli aone.

Frida alijifungua mtoto wa kike, akaitwa Anyesi. Damu ya kitovu ilipimwa, na Daktari Cecilia aliridhika, ila akasema mtoto arudishwe kila baada ya muda aangaliwe anavyokua. Anakua. Risasi ya Noeli ilishuka polepole, kwa sababu hukaa mifupani na haipendi kuhama. Tumbo lilifunguka. Hasira nayo ilishuka, kisha ikafika mahali ikasimama. Ruthu alimuuliza daktari kama kuna risasi nyingine ya kutoa, na daktari akasema hapana, iliyobaki si ya hospitali.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Noeli hakuwa amemwambia mtu. Mawe alikuwa pia anagawa. Jirani alipewa akiki, mchungaji jiwe la kioo, na hao hawakuwa na tatizo. Ila kipande cha jiwe la Mpanda, kikubwa kama ngumi, alikuwa amempa Shaaban, dereva mwenzake wa zamani, walipoagana kazini. Shaaban alirudi kwao Chemba, upande wa Farkwa. Noeli alipiga simu. Alipopata mtandao, aliuliza jiwe liko wapi. Shaaban alisema lipo, mama analitumia.

Kesho yake Noeli alipanda basi la asubuhi akiwa na kopo lenye mfuniko, glovu, na akiki mbili nzuri.

Mke wa Shaaban, Stumai, Msandawe, alikuwa analisaga kuwa wanja. Aliwahi kusikia kwamba wanja wa zamani ulitoka kwenye jiwe la namna hiyo, na alikuwa sahihi. Wake ulikuwa mweusi na laini kuliko wa dukani. Aliwapaka wajukuu wawili machoni tangu wakiwa wachanga. Waliletwa wasalimie, wakasimama mbele ya Noeli na macho yao mazuri sana.

Noeli alipanga kueleza kama Anyitike alivyoeleza, akashindwa. Mwishowe alikunja mkono wa shati akawaonyesha mahali sindano huingia. Aliwaambia ya Frida, na ya kwake, na ya choo, mbele ya mwanamke asiyemzoea. Stumai alisikiliza hadi mwisho. Kisha alimgeukia mumewe akasema jambo kwa Kisandawe, refu, lenye vidoko vingi vya ulimi. Noeli alimwangalia Shaaban atafsiri.

"Anakushukuru," Shaaban alisema.

Wajukuu walinawishwa uso kwa sabuni. Stumai alileta kilichobaki cha jiwe kwenye kitambaa, na kikebe cha wanja juu yake. Noeli alivaa glovu, akaviingiza vyote kwenye kopo. Alitoa akiki, Stumai alizipokea kwa ncha za vidole, akaziweka chini nje ya mlango. Siku iliyofuata waliondoka wote kwa basi hadi Kondoa kuwapima watoto, Noeli akiwa kiti cha nyuma na kopo mapajani.

Majibu yalichukua muda. Mdogo alikuwa salama. Mkubwa alitakiwa kurudi hospitali kila mwezi, na kila mwezi Noeli humtumia Shaaban nauli ya kwenda na kurudi, bila kuombwa. Risasi katika damu ya mtoto inashuka. Stumai bado hajaongea naye kwa Kiswahili, ila Idi iliyopita alimtumia asali ya Farkwa, chupa nzima, imefungwa vizuri. Ruthu aliionja kwanza, kisha akampa Noeli kijiko.